Kijiji cha Duara katika Nchi ya Wadachi

Mwaka jana, ndugu wasomaji, nilijaaliwa safari ambayo mtu kama mimi, aliyesoma chuoni kwa marehemu baba yake kisha akaishia darasa la saba, hakuwa akiitazamia. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anafanya kazi bandarini Hamburg, na huu ni mwaka wake wa tisa. Aliponiletea khabari kwamba amenikatia tikiti nikakae naye mwezi mmoja, nilidhani ananitania. Nilipofika alitaka kunionyesha maghala, madaraja na meli kubwa kubwa. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi ni mtu wa Tongoni. Bandari nimeiona Tanga. Nionyeshe wakulima wa huku wanakaaje." Akacheka, akasema, "Basi, Mjomba, nitakupeleka Wendland."

Sisi watu wa Tanga jina la Wadachi twalijua tangu utotoni. Wazee wetu walitusimulia kiboko chao, wakatusimulia na reli yao iliyotoka pwani kwenda Usambara. Lakini kwamba Mdachi naye ana kijiji, ana zizi, ana bibi aliyesokota nyuzi usiku wa baridi huku akimkemea mjukuu, hilo hatukusimuliwa na mtu. Bwana shauri tulimjua, mkulima hatukumjua.

Wendland ni pembe ya mashariki ya jimbo la Niedersachsen, upande wa kusini-mashariki ya Hamburg, na mto Elbe wapita ukingoni mwake. Tulikwenda kwa gari la moshi mpaka Lüneburg, kisha rafiki wa mpwa wangu akatuchukua kwa motokaa yake mpaka karibu na mji mdogo uitwao Lüchow. Ilikuwa mwezi wa Juni. Nchi ile ni tambarare: juu kidogo ni mchanga mkavu wenye misitu ya misonobari, na chini ni malisho yenye maji, na korongo weupe hutembea humo polepole kama wazee waliotoka msikitini. Vijiji vyao vimejengwa pale hasa mchanga unapokutana na maji, mkulima apate kulima mbele na kulisha nyuma. Watu ni wachache. Twaweza kwenda mwendo mrefu tusikutane na mtu ila trekta.

Kijiji cha kwanza tulichoingia ni Lübeln. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sikupata kuliona mahali pengine. Kijiji hakikukaa kando ya njia, wala hakikutawanyika mashambani. Kimekaa duara. Mtu akitaka kuijua sura yake na auwaze mkate wa sinia siku ya Idi, uliokatwa vipande: ncha za vipande zote zakutana katikati, na upana wote uko nje. Hivyo ndivyo walivyogawanya ardhi ya kukaa. Katikati pameachwa uwanja wa wote, wenye nyasi na miti; nyumba zimesimama kuuzunguka, nyuso zao zote zikiutazama; na nyuma ya kila nyumba kipande cha mwenyewe chaendelea kupanuka, bustani kwanza, kisha miti ya matunda, kisha malisho. Zamani njia ya kuingilia ilikuwa moja tu. Mgeni akiingia, kila mlango wamwona. Nasi tuliingia tukaonekana, na kizee mmoja aliyekuwa akipalilia maua alituinukia akatupungia mkono kabla hatujajua twende wapi.

Kanisa, pale lilipo, huwa nje ya duara. Yasemwa na wengi kwamba duara lilifanywa kwa ajili ya vita, ili watu na mifugo wajifungie ndani. Ni maneno matamu kuyasikia, lakini wataalamu wa siku hizi wengi hawayakubali. Wao husema vijiji hivi vilipimwa na kupangwa kiasi cha karne ya 12, zama ambazo mabwana wa Kijerumani walikuwa wakieneza utawala wao upande wa mashariki, na waliokalishwa humo wengi wao hawakuwa Wajerumani. Walikuwa Wawendi, watu wa ukoo wa Kislavi, jamaa wa Wapolandi na Wacheki. Kwa Wawendi hao nitarudi, maana ndio walioninyima usingizi.

Kwanza niseme habari ya nyumba, kwa kuwa akina mama nyumbani waliniuliza hayo kabla ya yote. Nyumba ya zamani ya mkulima wa huko ni moja kubwa, ndefu, ya maboriti ya mwaloni yaliyosimamishwa na kulazwa na kupitishana, na nafasi baina ya boriti na boriti imejazwa udongo au matofali. Paa ni refu na la mteremko mkali. Mlango mkubwa umekaa katika uso wa nyumba unaotazama uwanja, nao ni mpana wa kupitisha gari la farasi lililosheheni mavuno. Ukiingia umo katika ukumbi mrefu, na hapo ndipo walipopuria nafaka. Huku na huku ya ukumbi walifungwa ng'ombe na farasi, vichwa vyao vikielekea ndani. Mwisho wa ukumbi ulikuwa moto, na nyuma ya moto vyumba vya watu. Juu, chini ya paa, nyasi kavu na nafaka. Kwa hivyo watu, wanyama na chakula vyote vilikuwa chini ya paa moja, na wakati wa theluji joto la ng'ombe liliwafaa na watoto. Zamani nyumba hizo hazikuwa na bomba la moshi; moshi ulipanda ukajitafutia njia, nao ulikausha nafaka, ukawafukuza wadudu katika boriti, na ukahifadhi nyama iliyotundikwa juu, ambayo kwao zaidi ni ya nguruwe. Mama mwenye nyumba aliketi karibu na moto, na kutoka hapo aliona mlango, wanyama, watumishi na watoto bila ya kuinuka. Dada yangu nilipomweleza hayo alisema huyo aliyeibuni nyumba ile bila shaka alikuwa mwanamke.

Juu ya mlango mkubwa pana boriti iliyochongwa maandishi. Huandikwa jina la mume na jina la mke, tena mke kwa jina la nyumba ya baba yake, na mwaka wa kujengwa, na mara nyingi dua iliyotoka katika vitabu vyao vya dini, kuiombea nyumba salama na moto. Nilisimama chini ya boriti moja kitambo kirefu. Nilikumbuka milango ya Unguja na Lamu, yenye aya na mwaka wa Hijra juu ya kizingiti. Watu wasiojuana kabisa, kila mmoja na Kitabu chake, wote walipomaliza kujenga walimwita seremala aandike juu ya mlango.

Katika kijiji cha Satemin, si mbali na hapo, nyumba nyingi zina mwaka mmoja: 1850. Nilidhani ni mwaka wa neema. Kumbe ni mwaka wa msiba. Moto uliteketeza kijiji, na katika mwaka ule ule wakakisimamisha tena, nyumba kwa nyumba, palepale katika duara. Leo wageni huja kupiga picha kwa uzuri wa zile nyuso za nyumba zilizolingana, na wachache hujua kwamba zimelingana kwa sababu zote ziliungua pamoja.

Mali ya kujengea nyumba kama zile ilitoka wapi katika mchanga ule mkavu? Ilitoka katika kitani. Walilima kitani, wakakiloweka, wakakipiga, wakakichana, kisha usiku wa baridi wanawake na wasichana, na wakati mwingine wanaume nao, wakakusanyika nyumba moja kusokota nyuzi kwa mwanga wa taa moja. Humo ndimo zilimosimuliwa hadithi, ndimo walimochumbiana vijana, na ndimo masengenyo ya kijiji yalimokamilika. Kisha nguo zikafumwa, na mwishoni mwa karne ya 18 serikali ilikuwa na ofisi zake, Lüchow na kwingineko, za kupima na kupiga muhuri kila jora kabla halijauzwa. Ile ilikuwa fedha taslimu kwa mkulima, mbali na rai na ng'ombe wake. Lakini katika karne ya 19 pamba na mashine zilishusha bei, na gurudumu la kusokotea likapandishwa darini.

Ardhi yenyewe haikugawanywa. Mtoto mmoja alirithi shamba zima. Ndugu zake walipewa kitu kidogo, wakawa watumishi, au mafundi, au wakapanda meli kwenda Marekani. Wazee nao, walipokwisha kumkabidhi mrithi, waliandikiwa chumba chao na fungu lao la chakula mpaka kufa. Nilipoelezwa habari hiyo nilinyamaza, maana mimi husomesha mirathi, na kwetu kila mmoja ana fungu lake lililotajwa. Lakini nimeona pia minazi 12 ya babu yangu ikirithiwa na watu zaidi ya 40, hata ikawa wenyewe hawajui ni nani mwenye zamu ya kuangua.

Umaskini ulioletwa na kufa kwa kitani ndio uliozihifadhi nyumba hizo, kwani hakuna aliyekuwa na fedha za kubomoa na kujenga upya. Kisha baada ya Vita Vikuu vya Pili mpaka baina ya Ujerumani mbili ulipita hapo, na Wendland ikawa kama ncha ya mkuki iliyoingia katika nchi ya upande wa pili, imezungukwa karibu pande tatu. Nani angejenga kiwanda mahali kama pale? Hali hiyo ilidumu mpaka 1990. Mwaka 1969 walitokea watu wakaunda chama cha kuvilinda vijiji vya duara, nacho kipo hata leo; na pale Lübeln pana makumbusho ambamo nyumba za kale zimesimamishwa upya, mtu apate kuingia na kushika.

Kwa sababu hiyo hiyo ya kuwa pembeni, mwaka 1977 wakuu walipachagua Gorleben, kijiji kingine cha nchi hiyo, kuwa mahali pa kuzika taka za nguvu za atomiki katika mwamba wa chumvi chini ya ardhi. Wakulima hawakukubali. Mwaka 1979 walikwenda na matrekta yao mpaka mji mkuu wa jimbo, Hannover, na mwaka 1980 wao na vijana wa mijini walikaa msituni mwezi mzima wakijiita jamhuri huru, mpaka polisi walipowaondoa. Ugomvi ule uliendelea zaidi ya miaka 40. Septemba 2020 Gorleben iliondolewa katika orodha ya mahali panapofikiriwa. Bado utaziona penginepo zile mbao mbili za manjano zilizopigiliwa msalaba wa kukataa, zimepauka kwa jua. Sitasema zaidi juu ya hayo.

Tulilala kwa bibi mmoja, mjane wa mkulima, nyanya wa yule rafiki aliyetuchukua. Alikuwa amekwisha ulizia tunakula nini na hatuli nini. Akatuwekea mkate mweusi wa rai, siagi, jibini, mayai, na mbatata zilizochemshwa na maganda yake, akatufungulia na chupa ya maji ya matofaa ya shamba lake, akaapa kwamba hayajachachuka. Aliniita "Bwana Mwalimu" kwa lugha yake, nami nikamwita "Bibi" kwa yangu, na mpwa wangu akawa daraja baina yetu.

Nilimwuliza kama alisema na wajukuu zake lugha aliyonyonya kwa mama yake. Nilidhani nauliza jambo dogo. Akaweka kisu mezani. Akasema kwamba nyumbani kwao walisema Kijerumani cha chini, ambacho ni lugha ya wakulima wa kaskazini, mbali na Kijerumani cha vitabu. Na kwamba shuleni mwalimu aliwakataza, na watoto wa mjini waliwacheka. Na kwamba alipozaa yeye mwenyewe aliapa kuwa watoto wake hawatachekwa. "Nikasema nao lugha ya shule," akasema. "Leo nina wajukuu watano, na ninapomwita paka kwa jina alilomwita mama yangu, hufikiri ninachekesha."

Kisha akaongeza jambo lililonifanya niombe karatasi. Akasema, "Na sisi tuliwafanyia vilevile waliotutangulia."

Waliotutangulia, kwa maneno yake, ni Wawendi. Walikuwapo katika nchi hiyo tangu kiasi cha karne ya 7 na ya 8. Lugha yao wataalamu huiita Kipolabi, kwa maana ya lugha ya kando ya mto Elbe, kwani Waslavi mto huo huuita Laba. Ilisemwa huko mamia ya miaka, na ikadumu katika Wendland baada ya kufa kwingineko. Kila kibao cha njiani bado chaisema: Lüchow, Klennow, Satemin, Dolgow. Wustrow maana yake kisiwa, na mji wenyewe umekaa penye maji. Siku ya Alhamisi waliiita peründan, siku ya Perun, aliyekuwa mungu wa radi wa Waslavi kabla ya Ukristo; na Wajerumani nao huiita Alhamisi siku ya ngurumo. Sisi tuliipokea siku hiyo kwa Waarabu pamoja na hesabu yake, ya tano, ingawa jana yake ilikuwa Jumatano, ambayo nayo ni ya tano, jambo ambalo wanafunzi wangu huniuliza kila mwaka na kila mwaka hulijibu kwa taabu.

Walikuwa na desturi zao. Katika uwanja wa kijiji walisimamisha miti miwili, mmoja wa mwaloni ulioletwa na wanaume, mmoja ulioletwa na wanawake, shina lake likakwanguliwa matawi na kuachiwa kilele cha majani. Nao walicheza na kunywa kwa ajili yake. Wakuu wa kanisa wa karne ya 17 walipozunguka vijiji waliyaona hayo wakayaandika kwa hasira, na kwa hasira yao sisi leo twayajua. Walikuwa pia na wimbo wa harusi ya ndege. Bundi aambiwa awe bibi harusi, akajitetea kwa ubaya wa sura yake. Ndege mdogo kuliko wote aambiwa awe bwana harusi, akajitetea kwa udogo wake. Na mbweha atoa mkia wake uwe meza. Wimbo huo ulisafiri kuliko wenyewe: Herder aliutia katika mkusanyo wake wa nyimbo za mataifa, na Goethe akautumia katika mchezo wake wa mwaka 1782. Wakati huo waliouimba kwa lugha yake walikuwa wamekwisha.

Haikukatazwa kwa upanga tu, wala haikufa siku moja. Mahakama yalikuwa ya Kijerumani, kanisa la Kijerumani, soko la Kijerumani. Katika miji kama Lüneburg vyama vya mafundi vilimtaka kijana anayeomba kufundishwa kazi athibitishe kwamba uzazi wake ni wa Kijerumani, si wa Kiwendi. Mzazi gani atamfundisha mwanawe lugha itakayomfungia mlango wa riziki? Mbaya kuliko hayo ilikuwa kicheko. Padri wa Wustrow, Christian Hennig, aliyeshika kazi hapo mwaka 1679, alipenda kuikusanya lugha ile kabla haijapotea, akawaendea wazee. Wazee wakakana. Wakasema hawaijui, ilhali waijua, kwa sababu kila waliposikiwa wakiisema walifanyiwa mzaha. Alichopata kukikusanya kikaungua katika moto wa mwaka 1691. Baada ya miaka kiasi cha 14 akaanza upya, naye mwalimu wake katika kazi hiyo alikuwa mkulima wa Klennow, Johann Janieschge. Natamani kumjua mtu huyo. Padri alikuwa na kalamu, lakini maneno yalikuwa kinywani mwa mkulima. Hennig alikufa 1719, na kamusi yake ndiyo nguzo ya yote tunayoyajua. Lugha nzima imebakiwa na maneno kiasi cha 2,800.

Asubuhi nikaomba nipelekwe Süthen. Ni kijiji kidogo jirani na Lübeln, vyote viwili katika eneo la Küsten. Mpwa wangu aliuliza, "Mjomba, tutatazama nini huko?" Kwa hakika pa kutazama si pengi: nyumba, miti, mbwa mmoja aliyetubwekea kisha akachoka. Lakini hapo ndipo alipoishi Johann Parum Schultze, aliyezaliwa 1677 akafa 1740. Alikuwa mkulima, tena mkuu wa kijiji, tena mwenye nyumba ya kuuzia pombe. Hakuwa mwanachuoni. Alipofikia umri wa miaka 47 alikaa akaandika, kwa Kijerumani chake cha kijijini, kitabu cha khabari za nyakati zake, na ndani yake akatia maneno ya Kiwendi na maana zake. Akasema sababu yake bila ya kupamba: kwamba yeye akifa, na watu wengine watatu wa kijiji chake wakifa, basi hatakuwapo mtu wa kujua sawasawa mbwa aitwaje kwa Kiwendi.

Watu wanne, ndugu msomaji. Si katika nchi nzima, lakini katika kijiji chake. Na mtu huyo aliwahesabu. Mimi nimeishi Tongoni miaka 54 na sijapata kuhesabu.

Miaka 16 baada ya kufa kwake, mwaka 1756, katika usharika wa Wustrow alizikwa kizee aitwaye Emerentz Schultze wa Dolgow, na katika daftari la vifo ikaandikwa kwamba alikuwa wa mwisho aliyejua kuisema na kuiimba lugha ile kikamilifu. Sijui kama kulikuwa na jambo jingine la kumwandikia. Nadhani alikuwa na watoto, na kuku, na maumivu ya goti. Lakini lililobaki juu yake ni hilo: kwamba alikuwa na lugha, na hapakuwa na wa kumjibu.

Nilisimama katika uwanja wa Süthen, yule mbwa amelala kivulini, nikataka kumwuliza mpwa wangu jambo. Nikashindwa. Maana nilikumbuka kwamba kwetu Mtang'ata twasema Kiswahili chetu, chenye maneno na mikato yake, si kile cha redio wala cha vitabu. Na kwamba mimi ni mwalimu. Na kwamba kwa miaka 30 kila mtoto aliyefungua kinywa chuoni kwangu akasema neno alilolipata kwa bibi yake, nilimsahihisha. Wakati mwingine nilimsahihisha mbele ya wenzake, nao wakacheka, nami sikuwakataza. Nilidhani namtengeneza. Mpwa wangu mwenyewe alipitia mikononi mwangu. Nilipomwambia hayo tukiwa njiani kurudi, alitazama dirishani, akasema kwa upole, "Nakumbuka, Mjomba."

Si lugha tu. Maneno ya nyumbani nayo yanakwenda na vyombo vyake. Niliporudi niliwauliza wanafunzi wangu 31, wavulana kwa wasichana, kifumbu ni nini. Wanne walijua kuwa ni cha kuchujia tui. Kawa walijua wawili, na mmoja wao alidhani ni kofia. Nikauliza kung'uto, hakuna. Watoto hao si wajinga. Kwao tui huchujwa kwa chujio la plastiki, au hutoka pakitini.

Basi ninaye shangazi yangu, mdogo wa marehemu baba, ambaye miaka yake haijulikani ila kwamba ni mingi. Nilimwendea nikiwa na daftari. Mwanzo alikataa. "Maneno yetu ya kishamba yakufae nini, Mwalimu?" akaniambia, naye huniita Mwalimu pale anaponikasirikia tu. Nilifahamu kuwa kukana kule ndiko kukana alikokutana nako yule padri wa Wustrow, na kwamba aliyeufundisha ulimi wake kuona haya ni mimi na wenzangu. Nikamwomba radhi. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Wataka nianzie wapi?" Nikamwambia aanzie jikoni.

Sasa tuko ukurasa wa 23. Twakaa baada ya Alasiri, siku tatu kwa juma, na mjukuu wake wa kike, aliye darasa la sita, ndiye anayeandika, kwa kuwa khati yake ni nzuri kuliko yangu na masikio yake hayajazoea kusahihisha. Jikoni kumekwisha, uwanjani kumekwisha, tumeingia katika majina ya samaki, na hapo shangazi na mkwewe wamegombana siku mbili juu ya jina la samaki mmoja mdogo wa miambani, kila mmoja ameshika lake. Tumeandika yote mawili.

Mpwa wangu alipiga simu jana usiku kutoka Hamburg. Alitaka kusemezana na bibi yake, nami nikampa simu. Walisema muda mrefu. Sikusikia upande wake, lakini nilimsikia shangazi akirudia neno moja, polepole, mara tatu, kisha akacheka na kusema, "Hivyo hivyo, baba. Hivyo hivyo."